Kuendesha Picha Jukwaani: Anzia Ukutani, Urudi Hadi Kwenye Kompyuta

Anayeanza kazi hii huwa na swali moja tu: nitumie programu gani? Akishajibiwa, anajifungia wiki tatu akichezea efekti. Siku ya onyesho anafika na kukuta ukuta wa LED mwembamba kama mkanda, kebo ya HDMI ya mita 20 inayokatakata, na soketi moja ya umeme anayoigombania na mtu wa mashine ya moshi. Efekti zote zile hazimsaidii kitu.

Mimi safari hii naifanya kinyume. Naanzia pale picha inapotua, nafuata kebo kurudi nyuma, na programu naijia baadaye. Mwongozo huu unapita njia hiyohiyo, na ni kwa yeyote anayetaka kuchanganya picha papo hapo huku muziki ukipigwa, yaani kazi ya VJ.

1. Ijue skrini kabla ya kitu kingine chochote

Mpigie simu fundi wa mitambo mapema, umuulize: ni projekta au ni LED? Kama ni LED, ina pikseli (zile nukta za mwanga zinazounda picha) ngapi kwa upana na ngapi kwa kimo? Akikujibu kwa mita, mshukuru, kisha uliza tena. Mita zinakuambia watu watakaa umbali gani. Cha kukuambia utengeneze nini ni pikseli.

Kama na yeye hazijui, hesabuni pamoja. Paneli nyingi za kukodi zina sentimita 50 kwa 50. Ikiandikwa P3.9, maana yake kutoka pikseli moja hadi inayofuata kuna milimita 3.9, na paneli nzima ina pikseli 128 kwa 128. Sasa chukua ukuta wa paneli 8 kwa upana na 4 kwa kimo. Kwa macho ni ukuta mkubwa, mita 4 kwa 2. Kwa pikseli ni 1024 kwa 512 tu, karibu robo ya picha ya kawaida ya 1920 kwa 1080. Ule mchoro wako wa mistari myembamba uliokupendeza nyumbani utageuka ukungu, na jina la msanii kwa herufi ndogo halitasomeka.

Kwa hiyo fungua kazi yako kwa kipimo cha ukuta, 1024 kwa 512, usifungue kwa kipimo cha kompyuta. Prosesa ya LED, yaani kifaa kinachopokea picha yako na kuigawa kwa paneli, mara nyingi hupangwa isome picha kuanzia kona ya juu kushoto, pikseli kwa pikseli, na kinachozidi inakiacha. Ukituma picha nzima ya 1920 kwa 1080 bila kujua hilo, watazamaji wataona kipande cha kona na katikati ya picha yako haitafika.

Tengeneza picha moja ya majaribio na usiifute maisha yako yote. Iwe na fremu ya pikseli moja kuzunguka ukingo, duara katikati, na namba kwenye kila paneli. Ikishawaka ukutani, ule ukuta unajieleza wenyewe. Duara likiwa yai, kuna mtu kaivuta picha. Upande mmoja wa fremu ukipotea, picha imehama. Namba 7 ikitangulia 6, kebo za paneli zimepishana, na hapo fundi hana pa kukubishia.

Kwa projekta hesabu ni nyingine. Kila lenzi ina uwiano wake wa umbali: umbali gawanya kwa upana wa picha. Lenzi ya 1.5 ikitakiwa kutoa picha ya upana wa mita 4 inahitaji mita 6 za nafasi iliyo wazi, bila nguzo na bila kichwa cha mpiga besi katikati. Zungumza pia na fundi wa taa. Projekta haiwezi kushindana na taa nyeupe iliyoelekezwa kwenye pazia lake. Hata iwe na lumeni (kipimo cha mwanga wake) nyingi kiasi gani, itafifia.

2. Fuata kebo

Kebo ya kawaida ya HDMI ni kwa ajili ya sebule. Ikivuka mita 10 au 15 picha huanza kutoa vinyota, kisha hukatika na kurudi, na kwa picha za 4K umbali wenyewe unapungua zaidi. Ukumbi ukiwa mkubwa, chagua moja kati ya hizi: SDI, inayopita kwenye kebo ya koaksia yenye viunganishi vya BNC vinavyojifunga, HDBaseT, inayopeleka picha hadi mita 100 kwenye kebo ya mtandao ya Cat6, au HDMI ya nyuzinyuzi za kioo. Hiyo ya mwisho ina upande wa kutuma na upande wa kupokea, na imeandikwa kwenye ncha zake. Soma kabla hujaifunga darini kwa mkanda. Nayo Cat6 ya HDBaseT iende moja kwa moja kutoka kisanduku hadi kisanduku. Usiipitishe kwenye swichi ya mtandao.

Kuna kitu kinaitwa EDID. Ni maelezo ambayo skrini huipa kompyuta: mimi ni fulani, napokea vipimo hivi. Fundi akibadilisha chanzo kwenye prosesa, akaweka tangazo la mdhamini kwa dakika mbili, kompyuta yako inaweza kudhani skrini imeondoka. Inapanga upya madirisha, na unaporudishwa hewani unakuta picha yako iko kwenye skrini yako mwenyewe na ukutani kuna eneokazi tupu. Dawa ni kijidude cha kushikilia EDID, kidogo kama kidole gumba, unachokichomeka kati ya kompyuta na kebo. Ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye begi langu, na ndicho nisichokubali kukiazima.

3. Kompyuta

Linalobeba mzigo hapa ni kadi ya grafiki. Kichakataji (CPU) chenye kasi kikiwa na grafiki dhaifu kitakuangusha tabaka la tatu la picha likiingia. Tafuta kompyuta yenye kadi ya grafiki inayojitegemea, au Mac yenye chipu ya Apple, na diski ya SSD.

Kisha izuie kufanya lolote la hiari yake. Zima arifa, zima masasisho, zima kulala, ondoa picha ya kulinda skrini (screensaver), na hakikisha skrini ya pili imewekwa kama nyongeza. Ikiwekwa kama nakala, ukumbi mzima utakuwa unasoma majina ya mafaili yako. Kishale cha panya nacho kikumbuke. Kiliwahi kunitoroka kikatua juu ya ukuta, kikakaa pale wimbo mzima kama nzi.

Na umeme. Usiku mmoja picha zangu zilianza kukwama katikati ya onyesho, nami nikabadilisha klipu, nikapunguza efekti, nikalaumu programu. Kumbe mtu wa moshi alichomoa chaja yangu ili apate soketi. Kompyuta nyingi zikiingia kwenye betri hupunguza nguvu ya grafiki bila kukuuliza. Tangu hapo nabeba kebo yangu ya nyongeza, na plagi naifunga kwa mkanda mwekundu wenye maandishi makubwa.

4. Sasa programu

Resolume ndiyo utakayoikuta kumbi nyingi. Ina matoleo mawili. Avenue inatosha kuchanganya klipu, efekti na sauti. Arena inaongeza kupanga picha juu ya maumbo, kuunganisha projekta zaidi ya moja bila mshono kuonekana, na kuongea na taa kwa DMX, lugha inayoendesha taa za jukwaani. Inafanya kazi Windows na Mac, na unaweza kuijaribu bila kulipa, ila itakuwekea alama yake kwenye picha.

VDMX ni ya Mac peke yake, na inampendeza anayetaka kujipangia meza yake kipande kwa kipande. MadMapper iende kwa mwenye kazi ya kuangaza majengo na maumbo yasiyo ya mstatili. TouchDesigner ni ulimwengu mwingine: hakuna klipu zinazokusubiri, unaunganisha visanduku kwa nyaya hadi picha izaliwe. Toleo lake la bure lina ukomo wa pikseli 1280 kwa 1280 na haliruhusiwi kwa kazi ya malipo. Kumbuka ule ukuta wetu wa 1024 kwa 512. Kwa kujifunzia, ukomo huo haukubani hata kidogo.

Ushauri wangu kwa anayeanza: chukua programu ya klipu kwanza. TouchDesigner itakusubiri. Nimewaona watu wenye kipaji wakijenga mtambo wa ajabu kwa miezi sita bila kupiga hata onyesho moja, na kazi hii inafundishwa na giza la ukumbini.

Baadaye utaweza kuzitumia pamoja. Kwenye Mac kuna Syphon na kwenye Windows kuna Spout, ambazo hupitisha picha kutoka programu moja hadi nyingine ndani ya kadi ya grafiki bila kuchelewa kwa maana. Kati ya kompyuta mbili kuna NDI, inayotumia mtandao. Picha kamili ya HD kwa NDI inakula zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde, kwa hiyo tumia kebo. Wi-Fi ya ukumbi uliojaa simu itakuabisha.

5. Andaa klipu zenyewe

Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua sababu. Video ya MP4 ya kawaida imebanwa kwa H.264, ambayo huhifadhi fremu moja kamili kisha hurekodi mabadiliko tu kwa fremu zinazofuata. Kwa kutazama filamu ni sawa kabisa. Wewe unataka kuirudisha nyuma, kuirusha katikati, kuiharakisha mara mbili, na kila ukifanya hivyo kompyuta inalazimika kurudi kutafuta ile fremu kamili na kuanza kuhesabu upya.

Kodeki, yaani namna za kubana video, za kazi hii ni DXV ya Resolume, na HAP, iliyo huria na inayokubaliwa na programu nyingi. Kila fremu inajitegemea, na kuifungua ni kazi ya kadi ya grafiki. Gharama yake ni nafasi. HAP ya kawaida hutumia nusu baiti kwa pikseli, hivyo fremu ya 1920 kwa 1080 ni karibu megabaiti 1, na kwa fremu 30 unasoma hadi megabaiti 31 kila sekunde kwa klipu moja. Tabaka tatu au nne kwa wakati mmoja zinaishinda diski ya zamani inayozunguka. SSD haitajali.

Geuza klipu zako zote kabla ya siku, kwa kipimo cha ukuta. Hakuna sababu ya kucheza video ya 4K kwenye pikseli 1024.

Urefu nao uhesabu kwa mapigo. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kwa kila pigo. Mapigo 16 ni sekunde 8, yaani fremu 240 kwa kasi ya fremu 30. Klipu ya fremu 240 inayojirudia bila kushtuka itakaa juu ya muziki vizuri, na programu ikiambiwa kwamba klipu hii ni ya mapigo 16 itainyosha au kuibana yenyewe tempo ikibadilika. Klipu ya sekunde 7 na kitu kidogo itakuwa inapishana na ngoma usiku kucha, na watu watahisi kuna kitu hakikai sawa hata kama hawawezi kukitaja.

6. Funga picha na muziki

Njia ya kwanza ni kidole. Karibu kila programu ya VJ ina kitufe cha kugonga tempo: gonga mara nane ukifuata besi, kisha bonyeza kitufe cha kuanza upya kwenye pigo la kwanza. Jifunze hii hata kama una vifaa vingine vyote, maana ndiyo isiyohitaji kebo.

Ya pili ni Ableton Link, iliyotoka 2016. Kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja zinakubaliana tempo na mahali pa pigo, na hakuna aliye bosi. Kama wanamuziki wanatumia programu inayoielewa, waombe tu kebo ya mtandao. Ya tatu ni saa ya MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki huongea, inayotuma ishara 24 kwa kila pigo. Ni ya zamani lakini inafanya kazi.

Halafu kuna sauti yenyewe kuendesha picha. Usitegemee maikrofoni ya kompyuta, kwa sababu itasikiliza vigelegele. Omba mstari kutoka kwa fundi wa sauti, upitishe kwenye kadi ya sauti, na weka transfoma ya kutenganisha katikati. La sivyo chaja yako inaweza kuleta mngurumo kwenye spika zote, na utajua vizuri jinsi fundi wa sauti anavyotukana.

Wanaoanza huunganisha sauti na kila kitu, na picha inatetemeka kama mwenye homa. Unganisha jambo moja. Mfano ninaoutumia sana: chukua masafa ya chini, kati ya hezi 20 na 150, yaendeshe ukubwa wa picha kutoka asilimia 100 hadi 115, na uipe picha sehemu ya tano ya sekunde kurudi polepole baada ya kila pigo. Panda ghafla, shuka taratibu. Macho yanaliona hilo kama kupumua.

Kuhusu kuchelewa, usikose usingizi. Prosesa ya LED inaweza kuongeza fremu moja hadi tatu, na fremu moja kwa kasi ya 60 ni milisekunde 17 hivi. Sauti nayo inasafiri karibu mita 34 kila sehemu ya kumi ya sekunde. Aliyesimama nyuma kabisa tayari anaisikia ngoma baada ya kuiona.

7. Vipe vidole kazi

Panya si chombo cha muziki. Tafuta kidhibiti cha MIDI. Akai APC40 ina vitufe 40 vya klipu pamoja na vitelezi; Launchpad ya Novation ina vitufe 8 kwa 8; Korg nanoKONTROL2 ni ndogo, ina vitelezi 8 na vya kuzungusha 8, na inaingia begini bila shida. Chochote utakachochagua, mpangilio ndio muhimu.

Wangu ni huu. Tabaka tatu: chini picha ya msingi, katikati kitu chenye mwendo kama mistari au chembechembe, juu jina la msanii. Kila tabaka lina kitelezi chake. Kitelezi cha mwisho kulia ni mwanga wa picha nzima, na hakibadilishi kazi hata siku moja. Kitufe kimoja kikubwa ni giza: nikikishikilia picha inazima, nikikiachia inarudi. Vya kuzungusha vinne ni efekti, na kila kimoja kinafika mwisho kabla picha haijaharibika. Nimeweka mipaka hiyo kwenye programu kwa sababu mkono wenye furaha hauna kiasi.

MIDI ya kawaida ina hatua 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Ukizungusha picha kubwa polepole utaona ngazi. Ama iambie programu ilainishe, ama tumia OSC, lugha nyingine ya kutuma amri kupitia mtandao, kwa simu au tableti yenye programu ya TouchOSC. Yenyewe hutuma namba za desimali. Simu iwe msaidizi lakini, kwa sababu kioo hakina mshiko na utalazimika kukitazama.

8. Siku yenyewe

Fika pamoja na watu wa sauti. Washa picha ya majaribio kabla ya jambo jingine, kisha shusha mwanga wa ukuta. LED hutengenezwa kushindana na mchana. Kwenye ukumbi wenye giza, asilimia 20 au 30 inatosha, na juu ya hapo unampofusha mwimbaji na kumgeuza kivuli. Ukuta ukague pia kupitia kamera ya wanaorekodi, maana mistari myembamba sana juu ya LED huleta mawimbi ya ajabu kwenye video.

Kwenye jambo moja sina mzaha: miale ya kumetameta. Kuna watu wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga, na mwongozo unaokubalika ni kutozidi mimweko mitatu kwa sekunde. Piga hesabu: kwenye mapigo 120, mmweko kwa kila pigo ni miwili kwa sekunde. Ukigawanya pigo mara mbili tayari ni minne, umeshavuka. Mwekundu mkali ni hatari zaidi. Kama mwandaaji anang'ang'ania, tangazo liwekwe mlangoni, na eneo linalomweka liwe dogo.

Baada ya hapo acha programu icheze nusu saa bila kuigusa, ukishika kompyuta chini kusikia joto lake. Kama itakwama, ikwame sasa.

9. Unapopiga

Anza na picha moja tulivu, uiache. Dakika mbili nzima, kama wimbo unaruhusu. Shida ya wageni wa kazi hii ni kumaliza klipu zote kabla ya wimbo wa tatu. Badilisha picha pale muziki unapobadilika, kila baada ya mapigo 16 au 32, na muziki unapojikusanya kabla ya kulipuka, shikilia kile kitufe cha giza. Pigo moja la giza kabla ya besi kurudi linafanya kazi kuliko efekti kumi.

Programu ikiganda, usichomoe kitu. Mwombe fundi wa prosesa akushikilie fremu ya mwisho au apeleke picha tuli ya jina la msanii, ambayo ulimpa mapema kwenye flashi. Anzisha upya, fungua kazi, shusha kitelezi kikuu, kisha mwambie akurudishe. Panda taratibu.

Wimbo wa mwisho ukiisha, shusha mwanga hadi sifuri na mkono ubaki hapohapo, kwani msanii anaweza kurudi. Akishaondoka kweli, mwambie fundi aweke ukuta giza upande wake, umsubiri akuitikie kwa kichwa, ndipo uchomoe HDMI. Ukitangulia, ukuta unaweza kuwaka bluu mbele ya watu wote wanaotafuta viatu vyao.